Kuchorwa Mwili Mzima: Mwongozo Kamili kwa Modo Anayeingia Studio kwa Mara ya Kwanza

Kuchorwa mwili ni kazi ya kusimama. Picha na sifa huja baadaye sana. Kabla yake kuna saa tatu hadi nane za mtu kukuzunguka na brashi yenye maji, huku ukiambiwa usijikune, usiegemee ukuta na usikunje mkono. Kwenye Tamasha la Dunia la Uchoraji wa Mwili, lililoanzia Seeboden, Austria, mwaka 1998 na kuhamia Klagenfurt mwaka 2017, wachoraji hupewa takriban saa sita za kushindana, na karibu muda wote huo modo yuko wima. Studio ya Dar es Salaam au Nairobi haina majaji, ila miguu ni ile ile.

Mimi niko upande wa brashi. Wanaopata shida mbele yangu mara nyingi si wale wenye haya, maana haya huisha mapema. Ni wale walioitikia kazi kwa ujumbe wa WhatsApp wa mistari miwili, wakafika hawajui rangi ni ya aina gani, watavua hadi wapi, wala picha zinakwenda kwa nani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya ukiwa bado umevaa nguo zako. Aliye chini ya miaka 18 hahusiki hapa. Huyo achorwe kipepeo shavuni kwenye sherehe ya kuzaliwa, basi.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kukubali

Swali la kwanza ni mwili wako utakuwa wazi kiasi gani. Kuna kazi za uso, mikono na mgongo tu. Kuna za kuvaa sidiria ya mazoezi na kaptura ya kubana, vyote vikapakwa rangi juu yake. Kuna za chupi ya kamba yenye rangi ya ngozi pamoja na vibandiko vya chuchu, na kuna za mwili mtupu. Wewe ndiye unayechagua, na unachagua kabla ya siku yenyewe, si pale studio watu wanne wakikungoja. Mwaka 1992 mwigizaji Demi Moore alitokea kwenye jalada la jarida la Vanity Fair akiwa na suti ya kiume iliyochorwa mwilini na Joanne Gair, na ukitupa jicho tu ungeapa ni kitambaa. Hiyo ni kazi ya bingwa. Ukiambiwa "haitaonekana", omba kuona kazi za nyuma za mchoraji anayekuahidi hivyo, kisha uzikuze kwenye simu.

Swali la pili ni nani atakuwemo chumbani. Taka majina: mchoraji, msaidizi wake, mpiga picha. Mwenye jengo, rafiki wa mpiga picha na "bosi" aliyepita kusalimia hawamo. Wewe njoo na mtu wako, dada, rafiki au hata shangazi, akae pembeni na simu yake mfukoni. Mchoraji anayekataa usindikizwe amekupa sababu ya kuikataa kazi yenyewe. Na anayetaka umtumie picha za uchi kabla ya usaili "ili aione ngozi" anatafuta picha za uchi. Ninachohitaji kujua mimi ni urefu wako, saizi yako ya nguo, makovu na tatoo, na hayo yote yanaonekana ukiwa na nguo za mazoezi.

La tatu ni picha. Andikeni, hata kama ni ukurasa mmoja: zitatumika wapi (mtandao wa mchoraji, tangazo la bidhaa, maonyesho), kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuziuza, na kama zinaweza kutumiwa kutengenezea picha nyingine kwa akili unde. Andikeni pia habari ya video za nyuma ya pazia, kwa sababu mara nyingi picha inayomtia modo matatani hupigwa na simu ya msaidizi saa ambayo rangi ilikuwa bado haijakamilika. Picha yako ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hazikai kabatini tu: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Upande wa pili wa shilingi, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, na picha inayohesabiwa kuvunja staha inaweza kukuletea shida hata kama wewe uliiona sanaa. Kama mnachora mwili mtupu, amueni mapema ni picha zipi zitabaki za maonyesho ya ndani.

Malipo ni ya kupatana, lakini yahesabiwe kwa siku nzima. Saa ya kupiga picha ni sehemu ndogo ya kazi. Ukikubali kulipwa picha badala ya fedha, andika idadi ya picha na tarehe ya kuzipata.

Hatua ya 2: Ijue rangi, na uipime

Hapa modo wengi hupita haraka, na ngozi ndiyo hulipa.

Rangi inayotumika zaidi ni ya maji, ile ya vidonge vikavu vinavyolowanishwa kwa sponji au brashi. Inapakwa kwa urahisi, inakauka upesi na inatoka kwa sabuni, lakini jasho huiharibu. Ya pili ni rangi yenye asili ya alkoholi, ambayo hupulizwa kwa ebrashi, kile kipulizio kidogo kinachosukumwa na kompresa. Hiyo inastahimili jasho na maji, hivyo hupendwa kwa picha za ufukweni. Huuma kidogo penye ngozi iliyonyolewa, na kuitoa kunataka mafuta au kitoleo chake maalumu. Ya tatu ni mpira wa maji, unaokauka kama ngozi ya pili inayong'aa. Huwa na harufu ya amonia, hung'oa vinyweleo wakati wa kubanduliwa, na mwenye mzio wa mpira, hata wa glavu au puto, asiuguse kabisa.

Kisha kuna rangi zisizotakiwa mwilini: za ukutani, za mbao, na akriliki za turubai. Kopo likiandikwa kwamba rangi haina sumu, maana yake ni kwamba mtoto akiilamba hatadhurika. Halisemi kwamba unaweza kukaa nayo kifuani saa sita. Vivyo hivyo pambo za kung'aa za kazi za mikono, zenye vipande vikali, zisikaribie macho. Omba kuona kopo lenyewe na usome kama limetengenezwa kwa matumizi ya ngozi. Mchoraji mwenye rangi nzuri atakuonyesha kwa furaha, maana zilimgharimu.

Sasa kipimo. Siku mbili au tatu kabla, mchoraji akupake rangi zote atakazotumia, pamoja na gundi ya vito kama ipo, kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko. Iache ikauke, ioshe baada ya saa chache, kisha uangalie hadi saa 48 zipite. Kuwasha, wekundu au vipele ni jibu tosha. Kwa sisi wa pwani kuna jambo la kuongeza: mwambie kama uliwahi kuungua au kutoka malengelenge kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi. Piko nyingi nyeusi zina dawa ya nywele iitwayo parafenilenidiamini, ambayo Ulaya hairuhusiwi kupakwa ngozini, na mwili ukishaikataa mara moja huikumbuka maisha yote. Rangi nzuri za mwili hazina dawa hiyo, lakini mchoro wa bibi harusi uliochanganywa kiholela unaweza kuwa nayo.

Kama unatumia mkorogo, sema pia. Sikuulizi kwa ajili ya kukusema vibaya. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi zinazopunguza unene wa ngozi, na ngozi nyembamba huwaka kwa vitu ambavyo nyingine haivisikii. Sema kama una pumu, kwa sababu ukungu wa ebrashi hujaa chumbani. Sema ukiwa na choa, jipu au malengelenge ya mdomo, hata kama ni aibu, na uahirishe: sponji ikigusa hapo imepeleka ugonjwa mwili mzima.

Kuna hofu ya zamani kwamba mtu akipakwa rangi mwili mzima hukosa pumzi, kwa kuwa ngozi "haipumui". Ilivuma sana kupitia filamu moja ya kijasusi ya mwaka 1964 yenye mwanamke aliyepakwa dhahabu. Tunapumua kwa mapafu. Hatari iliyopo ni ya joto: rangi nzito, hasa ule mpira, huzuia jasho kupoza mwili, na Dar ya mwezi Februari si mahali pa kufanyia mchezo huo bila kiyoyozi.

Hatua ya 3: Siku chache kabla

Waksi au wembe viwe vimemalizika siku mbili kabla, vipele vipate kutulia. Wanaume waulize kama nywele za kifua zitolewe. Rangi hunasa kwenye nywele na mchoro huonekana una vumbi. Jisugue mwili kwa dodoki usiku wa kuamkia kazi, ujipake losheni nyepesi, na asubuhi usijipake chochote. Najua kutoka nyumbani bila mafuta ni kama kutoka bila viatu, lakini rangi ya maji haishiki juu ya Vaseline. Marashi na diodoranti nyeupe ya kusugua navyo viache.

Mwulize mchoraji kuhusu nywele. Misuko huingia rangi kwenye mizizi na hukaa nayo wiki nzima. Kofia ya kuogea au ya kubana kichwa huokoa mengi.

Kama tarehe imeangukia hedhi, mwambie. Pedi itaonekana, tamponi au kikombe cha hedhi havionekani, na kuahirisha siku mbili si dhambi.

Hatua ya 4: Mfuko wa siku hiyo

Chukua dera jeusi au kanga kuukuu mbili, ndala, chupi ya akiba, maji na mrija, chakula kikavu kisichochuruzika (karanga, ndizi, maandazi, si chipsi zilizolowa mafuta), taulo usilolipenda, mafuta ya nazi au ya watoto, na dawa zako kama unazo. Dera ndilo vazi bora kuliko yote: halibani, halivutwi usoni kwa nguvu, na huficha kila kitu ukitoka kupokea simu.

Njoo studio bila sidiria ya kubana wala soksi zenye lastiki. Alama zake huchukua zaidi ya saa moja kufutika, na rangi huzichora upya badala ya kuzificha.

Hatua ya 5: Kufika

Kula kabla ya kuja. Nasema hivyo kwa sababu kuna modo wanaoshinda njaa ili tumbo liwe bapa, halafu saa ya tatu wanaanza kutetemeka.

Ukifika, kagua vitu vinne: mahali pa kubadilishia penye mlango au pazia, maji ya kuogea (fungua bomba ulione linatoka; mgao wa maji haujali ratiba yenu), joto la chumba, na usafi wa vifaa. Kila modo ana sponji zake na maji yake ya kusuuzia brashi. Ukikuta sponji zimeshalowa rangi za jana, uliza. Kisha soma tena ule ukurasa wa makubaliano, mkubaliane na neno la kusimamisha kazi. "Simama" linatosha, na likitamkwa brashi inaondoka mwilini papo hapo, bila maelezo.

Hatua ya 6: Brashi inapoanza

Dakika za mwanzo ni baridi. Hata Dar, brashi yenye maji juu ya tumbo chini ya kiyoyozi hutosha kukusimamisha malaika, na Nairobi ya Julai bila hita ni adhabu. Omba maji ya kuchanganyia yawe ya vuguvugu. Tumbo, mbavu na nyuma ya magoti hutekenya; mwambie akandamize brashi zaidi, kwa kuwa mguso mwepesi ndio unaotekenya.

Mchoraji atakugusa. Atajiegemeza kiganja begani ili mkono usitetemeke, atavuta ngozi ya ubavu ili mstari unyooke. Mwenye adabu ya kazi husema kabla: "Sasa nakuja paja la ndani." Sehemu za siri na chuchu, kama zimo kwenye makubaliano, unaweza kujipaka mwenyewe tabaka la kwanza, naye akamalizia kwa brashi ndefu au kipulizio. Mkono usio na brashi hauna kazi huko. Modo wa kiume, mwili wako ukisisimka bila ridhaa yako, omba dakika tano, zungumzieni Simba na Yanga, litapita.

Kwa kawaida tunaanza na tabaka la msingi kwa sponji, kifua na mgongo, kisha miguu na mikono, halafu maelezo madogo madogo. Uso mara nyingi huja mwisho kwa kuwa unakula, unakunywa na kupangusa jasho. Wengi husema tabaka la msingi likishakauka hujihisi wamevaa. Utaliona kwenye mabega yako, yanashuka yenyewe.

Kuhusu ngozi yetu: rangi za ebrashi zilizo nyepesi hupotea juu ya weusi, na nyeupe iliyopakwa nyembamba huonekana kama majivu. Kuna wachoraji wanaokimbilia kumpaka modo rangi nyeupe mwili mzima ili "rangi zikae". Inafanya kazi, lakini ni safu nzito, inapasuka kwenye viwiko, nayo huchukua saa nzima ya ziada. Mimi napendelea rangi nzito moja kwa moja juu ya ngozi, na weusi wenyewe uachwe uwe kivuli cha mchoro. Mwulize mchoraji wako anafuata njia gani, na uone picha za watu wenye rangi kama yako aliowahi kuwachora.

Usikaze magoti. Ukiyafunga wima kwa muda mrefu damu hutuama miguuni, na mtu mzima mwenye afya huanguka kama mgomba. Yalegeze kidogo, panda na kushuka kwenye vidole kila dakika chache. Masikio yakianza kuvuma, jasho baridi likitoka au macho yakiingia giza, sema "nakaa" na ukae hapo hapo chini. Rangi ya makalioni hurekebishwa kwa dakika kumi. Mapumziko ya kila saa ni haki yako.

Kunywa maji, usijinyime kwa kuogopa choo. Rangi ya nyuma ya mapaja ndiyo huharibika, na kwa mara moja choo cha kuchuchumaa kinashinda cha kukalia. Nawa kwa uangalifu, ukirudi utatiwa viraka. Kila mchoraji anajua hilo.

Pakianza kuwasha, kuchoma au kuvimba popote, usingoje mchoro uishe. Rangi ioshwe mara moja. Midomo au macho yakivimba, au kifua kikibana, ni hospitali, tena kwa dera na rangi zako zote.

Hatua ya 7: Mbele ya kamera

Mikao mliyokubaliana ndiyo inayopigwa. Ikiwa mchoro ni wa kujificha kwenye mandhari, kama anavyofanya Liu Bolin wa China, ambaye tangu mwaka 2005 hupakwa rangi mpaka apotee kwenye ukuta ulio nyuma yake, nyayo zako zitawekewa alama ya gundi sakafuni, na hatua moja pembeni inavunja picha yote. Mikao ya pamoja ni migumu zaidi: chura maarufu wa Johannes Stötter, mchoraji wa mwili kutoka Italia, ni watu watano waliokunjwa pamoja, na ukipewa kazi ya aina hiyo fanyeni mazoezi ya mkao mkiwa na nguo, kabla ya tone la kwanza la rangi.

Kwapa, mikunjo ya viwiko na shingo hupasuka kwanza. Sogea polepole, na usikumbatie mtu.

Hatua ya 8: Kuitoa

Usikimbilie maji ya moto na dodoki. Ngozi bado ikiwa kavu, jipake mafuta ya nazi au ya watoto kwa viganja, zungusha taratibu hadi rangi iteleze, futa kwa kitambaa kuukuu, kisha ndiyo sabuni na maji ya vuguvugu. Rudia mara mbili. Rangi ya alkoholi inataka mafuta mengi na subira, au kitoleo chake. Asetoni na petroli, ambazo nimewahi kusikia zikipendekezwa, zitakuchubua. Ule mpira hubanduliwa kwa kuingiza mafuta chini ya ukingo wake, ukivuta kufuata uelekeo wa vinyweleo. Pambo zinazong'aa hunaswa kwa utepe wa gundi wa karatasi, na bado utazikuta kitandani wiki ijayo.

Bluu, kijani na nyekundu huacha doa, hasa kucha, visigino na kitovuni. Huisha lenyewe kwa siku moja au mbili, hivyo usipange harusi kesho yake. Lala kwenye shuka la zamani. Losheni isiyo na harufu inatosha. Wembe na waksi visubiri siku mbili tena.

Hatua ya 9: Picha zikishatoka

Omba kuziona kabla hazijapandishwa, kama mlivyoandikiana, na utaje kwa namba zile usizozitaka. Weka nakala ya makubaliano kwenye barua pepe yako, maana simu huibwa. Ukiona picha yako mahali ambapo karatasi haikupataja, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na anwani ya ukurasa kabla hujamwandikia mtu yeyote, kwa kuwa baada ya ujumbe wako wa kwanza ushahidi hufutwa haraka.